Wingu la Vuli Likisimama: Kwanza Watu, Kisha Karafuu



Msimu wa kuchuma unatukaribia, na kama ilivyo desturi yetu kila mwaka, twazungumza habari za ngazi, majamvi, wachumaji na makonyo. Safari hii twaomba ruhusa tuzungumze kwanza jambo moja ambalo kwa kawaida hatulitaji mpaka limekwisha kutudhuru, nalo ni mvua za radi. Tunaloomba mlishike ni fupi: ngurumo ya kwanza ikisikika, watu washuke mikarafuuni, hata kama tawi limejaa, na hata kama kuna karafuu uwanjani hazijafunikwa. Yote yafuatayo ni maelezo ya kwa nini twasema hivyo, na ya namna ya kufanya hivyo bila ya kupoteza mali ovyo.

Twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Mmoja katika sisi tuandikao ukurasa huu alikuwa shambani kwake siku moja ya vuli, saa nane za mchana, na wachumaji watano wako juu ya miti. Wingu lilikwisha kuwa jeusi, na ngurumo zikisikika, lakini za mbali. Akasema maneno ambayo kila mwenye shamba amewahi kuyasema: "Malizieni mti huo, mvua bado." Haikupita robo saa, upepo ukavuma ghafla kabla ya tone moja la mvua kuanguka, miti ikayumba, na radi ikapiga mnazi uliokuwa mpakani. Alhamdulillahi, hapana aliyepigwa. Lakini wachumaji walishuka kwa hofu, mmoja akakanyaga tawi likakatika, akaanguka akavunjika mkono. Msimu ule hakuchuma tena, na yeye ndiye aliyekuwa akitegemewa na nyumba nzima. Karafuu zilizopatikana kwa kuumalizia mti ule hazikujaa hata pakacha moja.

Kisa hiki tumekieleza si kwa kuwa ni cha ajabu, bali kwa kuwa ni cha kawaida. Labda nawe, ndugu msomaji, unacho chako mfano wa hicho.

KWA NINI VULI

Wazee wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na wengi wenu mwazijua dalili hizi kwa macho kuliko sisi tuzijuavyo kwa kalamu. Kusi ikisha kukatika na kaskazi haijashika, huja siku za maleleji: upepo mdogo, joto jingi, na hewa nzito yenye unyevu wa bahari. Jua huipiga ardhi tangu asubuhi. Hewa iliyopata moto hupanda juu, na unyevu wake hugeuka wingu. Wingu hilo mwanzo huwa jeupe na dogo, kisha husimama kama mnara, likakua kwenda juu badala ya kutawanyika. Wingu la radi katika nchi za joto kama yetu laweza kufika kimo cha kilomita 15 na zaidi.

Huko juu baridi ni kali hata maji huganda yakawa barafu. Vipande vya barafu vikipandishwa na kuteremshwa na upepo ulio ndani ya wingu hugongana, na katika kugongana huko umeme hujitenga: wa namna moja hukusanyika juu ya wingu, na wa namna nyingine hukusanyika chini yake. Tofauti ikizidi kiasi, hewa haiwezi kuuzuia tena, na umeme hujipasulia njia. Mara nyingi hupita humo humo winguni. Mara nyingine huja ardhini, na hiyo ndiyo radi inayotuhusu.

Njia inamopita radi hupata joto la kiasi cha nyuzi 30,000 za sentigredi, yaani kama mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyoguswa na joto hilo hutanuka kwa ghafla, na kishindo cha kutanuka kwake ndiyo ngurumo. Basi umeme tuuonao na ngurumo tuisikiayo si vitu viwili. Ni kitu kimoja, ila jicho hupata habari kabla ya sikio. Hapana ngurumo isiyokuwa na radi yake.

KUPIMA UMBALI WA RADI

Nuru ya umeme hutufikia papo hapo, lakini sauti huenda mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde moja. Kwa hiyo sauti huchukua kama sekunde 3 kwenda kilomita moja. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Ukihesabu 15, radi ilikuwa umbali wa kilomita 5. Ukihesabu 6, ilikuwa kilomita 2. Asiye na saa ahesabu pole pole kwa sauti, naye hatakosea kwa mbali.

Hesabu hii ina faida ya kujua kama wingu lakuja au lakwenda zake. Ikipungua kila mara, wingu lakujia. Lakini msiifanye kuwa ruhusa ya kungoja. Radi yaweza kupiga kilomita 10 na zaidi mbali na mahali penye mvua, na masikio yetu mara nyingi hayasikii ngurumo iliyotoka mbali zaidi ya kilomita 15. Basi ukiisikia tu, jua kwamba umekwisha kuwa karibu kiasi cha kuweza kupigwa. Neno letu la "mvua bado" ni kweli kwa mvua. Kwa radi halina maana.

MCHUMAJI ALIYE JUU YA MTI

Mkarafuu mzima waweza kufika mita 10 hata 15, na mashamba yetu mengi yako juu ya vilima. Mchumaji aliye kileleni amekaa juu ya kitu kirefu, juu ya mahali pa juu, wakati ambapo radi hutafuta njia fupi ya kufika chini. Hata isipompiga yeye, hatari nyingine zinamngoja.

Ya kwanza ni upepo. Wingu la radi linapoanza kumwaga mvua, hewa baridi huteremka pamoja na mvua hiyo, ikifika chini hutawanyika kwa nguvu na kutangulia mvua yenyewe. Huo ndio upepo wa ghafla tunaoujua sote. Tawi la mkarafuu si la kuaminiwa. Hukatika bila ya kupinda. Ya pili ni utelezi: gome likilowa, mguu hauna pa kushika. Ya tatu ni hofu. Mtu akishuka kwa utaratibu huchagua pa kukanyaga. Mtu akishuka kwa mbio huanguka.

Ndiyo maana twasema ngurumo ya kwanza, si ya tatu wala ya nne. Aliye juu ya mti mrefu huhitaji dakika kadhaa kulishusha pakacha, kufungua kamba na kushuka kwa salama, kisha huhitaji dakika nyingine za kufika kwenye nyumba. Dakika hizo hazipatikani ila kwa kuanza mapema.

KUJIKINGA CHINI YA MTI SI KUJIKINGA

Wengi wakisha kushuka husimama pale pale chini ya mti, au hukimbilia mwembe mkubwa wa jirani kwa kuwa majani yake ni mazito. Hapo wamekimbia maji wakaifuata radi. Radi ikipiga mti, haishuki shinani kwa utulivu kama maji katika mfereji. Yaweza kuruka kutoka shinani ikampiga mtu aliyesimama karibu, kwani mwili wa mtu hupitisha umeme kwa wepesi kuliko ubao. Tena ikifika chini husambaa ardhini kila upande. Mtu aliyesimama na miguu yake imeachana, umeme waweza kupanda mguu mmoja na kushukia wa pili. Ng'ombe ndiye mwenye hasara zaidi, kwani miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na njia ya umeme kati ya hiyo hupita kifuani penye moyo. Kwa sababu hii mara nyingi hukutwa ng'ombe kadhaa wamekufa pamoja chini ya mti mmoja. Mwenye ng'ombe asiwafunge chini ya mti ulio peke yake, wala kando ya ua wa waya, siku wingu lianzapo kusimama.

KIBANDA CHA SHAMBA NACHO SI KINGA

Neno hili huenda likawaudhi wengine, kwa kuwa kila kambi ya wachumaji ina kibanda chake, na kwa jua na mvua kibanda hicho ni rehema. Kwa radi hakifai. Makuti na miti havina chuma wala waya wa kuichukua radi na kuipeleka ardhini, basi hupita katika miili ya walio ndani. Dungu la kulindia ndege ni baya zaidi, kwani limeinuliwa juu. Kibanda cha udongo kilichoezekwa bati nacho si kinga kwa sababu ya bati peke yake. Bati lisilokuwa na njia ya kushusha umeme mpaka ardhini halikuondolei hatari.

Tutoe mifano ya kweli. Mwaka 1975, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, watu 21 waliokuwa wamejikinga katika kibanda kimoja waliuawa kwa radi moja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeiandika radi hiyo kuwa ndiyo iliyoua watu wengi zaidi kwa pigo moja la moja kwa moja. Mwezi wa Juni 2011, katika wilaya ya Kiryandongo huko Uganda, radi ilipiga skuli ya msingi ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Oktoba 2018, mkoani Geita, bara, wanafunzi 6 waliuawa na radi wakiwa skuli. Hawa wote hawakuwa juu ya miti wala baharini. Walikuwa mahali walipodhani pana kinga.

Mahali pa salama ni nyumba madhubuti ya mawe au matofali, iliyofungwa pande zote, yenye waya za umeme na mabomba ya maji ndani ya kuta zake, kwani hivyo huichukua radi na kuipeleka ardhini. Mahali pengine ni ndani ya gari la chuma lenye paa la chuma, vioo vikiwa vimepandishwa, na watu wasiguse bodi yake. Pikipiki, baiskeli, gari la ng'ombe na gari la mizigo lisilofunikwa si katika hayo. Na aliyemo nyumbani aingie ndani hasa. Kukaa barazani kutazama mvua si kuwa ndani.

Ndani ya nyumba zuieni mambo machache. Chomoeni redio, televisheni na friji katika umeme kabla ya wingu kufika, wala si wakati radi ikipiga. Msioge, msioshe vyombo, msifungue bomba, kwani radi husafiri katika mabomba. Msiegemee ukuta wala kushika madirisha ya chuma. Simu ya mkononi haiiti radi, lakini isishikwe wakati imechomekwa katika chaji.

KAMA NYUMBA IKO MBALI

Yako mashamba ambayo nyumba madhubuti iko mbali, na wingu laweza kumwahi mtu njiani. Hapo hapana usalama kamili, ila yako ya kupunguza hatari. Teremkeni kutoka kileleni mwa kilima kwenda pa chini, lakini si mtoni wala mahali pa mafuriko. Acheni miti iliyo peke yake na minazi mirefu. Kama lazima kuwa kati ya miti, kaeni penye miti mifupi iliyolingana, mbali na mashina. Laza ngazi chini uiache hapo; usiichukue begani. Kaeni mbali na ua wa waya. Watu wasikusanyike pamoja, bali waachane hatua nyingi, ili radi moja isiwapate wote na abaki wa kumsaidia mwenziwe. Asilale mtu kifudifudi, kwani aliyelala ameupa umeme wa ardhini nafasi kubwa. Ukisimamishwa na radi iliyo karibu sana, chutama, miguu pamoja, kichwa chini. Lakini maadamu njia ipo, kwenda kwenye nyumba ni bora kuliko kuchutama.

Haya yawahusu pia watu wa nyumba zetu waendao pwani. Mama aliyemo katika shamba la mwani wakati bahari imekupwa ndiye mtu mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, tena amesimama majini. Mvuvi katika ngalawa naye ni hivyo hivyo, na mlingoti wake juu yake. Wao wana safari ndefu kuliko mchumaji, basi dalili ya kwanza kwao iwe wingu lenyewe, kabla ya ngurumo.

NA KARAFUU JE?

Twajua swali hili lipo kinywani mwa kila mwanachama, na si swali la kudharauliwa. Karafuu zilizo uwanjani ni ada za skuli, ni deni la duka, ni kazi ya miaka. Zikinyeshewa kabla ya kukauka huvunda, hupoteza rangi na mafuta yake, na kwenye kituo hushushwa daraja. Basi hatusemi ziachwe. Twasema ziokolewe kwa kutangulia, wala si kwa mbio.

Kwanza, anikeni kwa kipimo cha mikono yenu. Kama walio nyumbani waweza kukunja majamvi manane kwa dakika kumi, basi siku za vuli msianike kumi na sita penye watu hao hao. Pili, turubali na mawe ya kulikandamizia yawe pale pale uwanjani, si ghalani chini ya magunia. Tatu, anzeni kukunja wingu linapoanza kusimama kama mnara, kabla ya ngurumo. Wakati huo ni wa salama. Ngurumo ikisha kusikika, kilichofunikwa kimefunikwa, na kisichofunikwa kiachwe. Uwanja wa kuanikia ni mahali pa wazi, na mtu aliyeinama na jamvi hapo hana tofauti na aliyesimama kiwanja cha mpira.

Karafuu zilizopata maji si lazima zipotee zote. Mvua ikipita, zitandazwe nyembamba mahali penye hewa, zigeuzwe mara kwa mara, zisirundikwe wala kutiwa magunia zikiwa na unyevu, na zisichanganywe na zilizokuwa kavu. Daraja laweza kushuka, lakini fedha kidogo itapatikana.

SAUTI YA MWENYE SHAMBA

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi. Mchumaji hulipwa kwa kipimo cha alichochuma. Kila nusu saa aliyo chini ni nusu saa isiyo na malipo, na yeye hajui kama mwenye shamba atamwona mvivu. Kwa hiyo hatashuka kwa hiari yake mapema. Atangoja mpaka wa mwisho. Anayeweza kumshusha ni mmoja tu, naye ni mwenye shamba. Neno lake la "shukeni" lina nguvu kama neno lake la "malizieni".

Twapendekeza basi kila mwanachama afanye mapatano na wachumaji wake siku ya kwanza ya msimu, kabla ya ngazi kuinuliwa. Yawe hivi:

1. Kila asubuhi isikilizwe habari ya hali ya hewa katika redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari. Ikitaja mvua za radi, siku hiyo kazi ianze alfajiri na miti mirefu ichumwe mwanzo, kwani mawingu haya hukua zaidi mchana na jioni.

2. Awekwe mtu mmoja chini, kazi yake kutazama mbingu. Aliye kileleni ndani ya majani haoni wingu lililo nyuma yake.

3. Iwepo alama moja inayojulikana na wote: firimbi, debe, au mbiu. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ikilia hii, jambo ni moja tu, kushuka. Isiulizwe kwa nini.

4. Ijulikane mapema nyumba ya kukimbilia ni ipi, na dakika za kufika huko zihesabiwe kwa kutembea kweli, si kwa kukisia. Kama ni nyumba ya jirani, aombwe mapema.

5. Asirudi mtu mtini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, hesabu ianze upya. Wengi hupigwa mvua ikiisha, wanapodhani mambo yamekwisha.

6. Muda wa kungoja usiwe wa bure. Karafuu zilizokwisha kuchumwa zipelekwe ndani pamoja na watu, na kazi ya kuchambua ifanywe humo humo, kwa malipo ya kuchambua. Hivyo mchumaji hatapoteza, mwenye shamba hatapoteza, na ile sababu ya kung'ang'ania mtini itaondoka.

Hilo la sita twaliona ndilo ufunguo wa yote. Kuchambua ni kazi ambayo lazima ifanywe jioni. Yafanywa mchana badala yake, basi.

AKIPIGWA MTU

Jueni kwamba aliyepigwa na radi hana umeme mwilini mwake. Kumgusa hakuna dhara lolote, na kuchelewa kumgusa kwaweza kumwua. Wengi wa wanaopigwa huishi, wakipata msaada.

Radi huua hasa kwa kusimamisha moyo na pumzi. Wakiwa wamepigwa watu kadhaa pamoja, wendeeni kwanza walionyamaza na wasiovuta pumzi. Anayelia na kugumia ni mzima kwa wakati huo na aweza kungoja kidogo. Asiyevuta pumzi mlazeni chali, wekeni viganja viwili katikati ya kifua chake, mbonyeze kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hata 120 kwa dakika, kifua kiingie sentimita 5 hata 6. Ajuaye kumpulizia pumzi ampulizie mara 2 baada ya kila mibonyezo 30. Asiyejua aendelee kubonyeza tu. Msiache mpaka apate pumzi au afike mwenye ujuzi, na mtu mwingine akatafute gari la kumpeleka hospitali. Kama radi ingali karibu, mwondoeni kwanza mahali pa hatari. Aliyeanguka kutoka mtini asiinuliwe kwa kukunjwa shingo wala mgongo. Na aliyepigwa akainuka mwenyewe naye apelekwe, kwani masikio, macho na moyo vyaweza kuwa vimeumia bila ya yeye kujua.

MANENO TUYASIKIAYO

Wako wasemao kwamba nguo nyekundu huita radi, au kwamba kioo kisipofunikwa huileta ndani. Kufunika kioo hakuna dhara. Dhara ni mtu kudhani amekwisha kujikinga kwa kukifunika, akakaa barazani. Rangi ya nguo haina habari na radi. Wengine husema radi haipigi mahali mara mbili. Huko Marekani alikuwapo mlinzi wa hifadhi aitwaye Roy Sullivan, naye alipigwa mara 7 kati ya mwaka 1942 na 1977. Mnazi uliopigwa mwaka jana waweza kupigwa mwaka huu, maadamu bado ni mrefu.

Wako tena wasemao kwamba ajali haina kinga, na mwenye siku zake zimefika hana pa kukimbilia. Nasi twaamini kwamba umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini ni sisi hawa hawa tunaomfunga ng'ombe kamba na kutia kufuli ghalani, wala hatuoni kwamba twapingana na kudura. Tahadhari kabla ya hatari.

MWISHO

Twamalizia kwa kukumbusha habari ya kale. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Kisiwa chetu cha Pemba kiliepuka sehemu kubwa ya maangamizi hayo, na tokea hapo ndicho kilichotangulia kwa karafuu. Hasara ya Unguja ilikuwa kubwa, lakini miche ilitiwa tena ardhini, na baada ya miaka wajukuu wakachuma. Mkarafuu ukianguka, huchukua miaka sita au saba au minane mwingine kuanza kuzaa. Ni muda mrefu, lakini una mwisho. Mchumaji akianguka, hapana mche wa kupanda mahali pake.

Basi ndugu zetu, wingu likisimama vuli hii, kunjeni majamvi mapema. Ngurumo ya kwanza ikisikika, pigeni mbiu, na neno la kwanza kutoka kinywani mwa mwenye shamba liwe "shukeni". Karafuu zitakazobaki mtini zitakuwapo mtini kesho.